Je, amri za kukaa ndani ziliwafanya watu wajiue? Jibu kwa dada anayemhofia mdogo wake

Swali: "Daktari, wakati wa korona nilisikia mara nyingi kwamba amri za kukaa ndani zingeua watu wengi kwa kujiua kuliko ugonjwa wenyewe. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka 16 shule zilipofungwa mwaka 2020. Masomo aliyamalizia chumbani, nafasi ya kazi aliyoahidiwa ikafutwa, na tangu hapo hajawa yule tuliyemzoea. Usiku halali, hataki kuonana na wenzake, na wiki hii amegawa vitu vyake, hata viatu anavyovipenda kuliko vyote. Je, ni kweli kwamba kufungiwa ndani kuliwafanya watu wajiue? Na nikimuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua, si nitakuwa nimemtia wazo hilo kichwani? Mama bado hajui lolote. Je, nimwambie?"

Dada yangu, umeanza na takwimu ukamalizia na mdogo wako, lakini mimi nitaanza na mdogo wako kwa sababu jambo lake halisubiri. Muulize, na umuulize leo. Kijana ambaye usingizi umemtoroka, amejitenga na wenzake na sasa anagawa vitu anavyovithamini anaonyesha dalili ambazo sisi tulio katika kazi hii hatuziachi zilale hata usiku mmoja. Inawezekana kabisa kwamba viatu hivyo vina maelezo mengine, kwamba vimembana au ameamua tu kupunguza vitu chumbani, na utashusha pumzi ukisikia hivyo. Lakini maelezo hayo utayapata kwake tu. Hofu yako ya kumtia wazo kichwani ninaielewa, maana hata wahudumu wa afya wengi wanayo. Hata hivyo, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2014, yaliyohusisha watu wazima na vijana, hayakuona kwamba kuulizwa kuhusu kujiua kunayaongeza mawazo hayo. Yaliashiria kwamba huenda hata kukayapunguza. Namna ya kuuliza nimeieleza chini, na ukitaka ruka takwimu uende huko moja kwa moja. Ukimkuta tayari ana mpango wa kujiua, au amekwisha kujidhuru, acha kusoma: usimwache peke yake, piga namba ya dharura ya nchi uliyopo au mfikishe kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu.

Sasa nirudi kwenye lile ulilolisikia. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba korona ilikuwa imefikia kiwango cha janga la dunia, utabiri wa wimbi la watu kujiua ulianza kusikika karibu kila mahali, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Mwezi uliotangulia, jarida la kitabibu la The Lancet lilikuwa limechapisha mapitio ya tafiti kuhusu watu waliowekwa karantini katika milipuko ya awali, ikiwamo ya SARS (ugonjwa mkali wa njia ya hewa) na Ebola, na yalieleza vizuri ni nini hasa kilichowaumiza: muda mrefu wa kutengwa, hofu ya kuambukizwa, uchovu wa kukaa bila la kufanya, upungufu wa mahitaji, taarifa zisizotosha, kupoteza kipato na kunyanyapaliwa baada ya kutoka. Aidha, ilijulikana kwamba mlipuko wa SARS wa mwaka 2003 huko Hong Kong uliambatana na ongezeko la vifo vya kujiua miongoni mwa wazee wa miaka 65 na zaidi. Kwa kuwa safari hii waliofungiwa walikuwa mabilioni ya watu kwa wakati mmoja, haikuwa ajabu kwamba wengi walitarajia mabaya.

Yaliyotokea katika miezi ya mwanzo yaliwashangaza wengi. Watafiti walikusanya takwimu za vifo vya kujiua kutoka nchi 21, wakalinganisha idadi iliyoonekana kati ya Aprili na Julai 2020 na ile ambayo ingetarajiwa kama janga lisingekuwapo, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2021, hayakuonyesha ongezeko la kuaminika katika nchi au eneo lolote walilolichunguza. Katika maeneo 12 vifo vilikuwa vichache kuliko ilivyotarajiwa. Marekani nayo, ambako watu 47,511 walikuwa wamekufa kwa kujiua mwaka 2019, iliandikisha vifo 45,979 mwaka 2020. Ukisimama hapo, jibu la swali lako ni kwamba utabiri ule haukutimia, na wanaoendelea kuurudia kana kwamba ulithibitishwa wanapotosha.

Tatizo la kusimama hapo ni kwamba katika miezi ileile mateso ya nafsi yalizidi kwa kiasi kisichobishaniwa. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na wasiwasi uliopitiliza viliongezeka duniani kwa takriban asilimia 25 katika mwaka wa kwanza wa janga, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, na makadirio yaliyochapishwa katika The Lancet mwaka 2021 yalitaja watu milioni 53 wa ziada wenye sonona na milioni 76 wa ziada wenye matatizo ya wasiwasi, wanawake na vijana wakiwa ndio walioelemewa zaidi. Kwa hiyo tulikuwa na uchungu ulioongezeka na vifo ambavyo havikuongezeka, vyote kwa wakati mmoja. Watu wengi huona mambo haya mawili yanapingana, wakachagua moja na kulikana jingine kulingana na upande wao katika ubishi wa siasa za korona. Mimi sioni kwamba yanapingana, na kwa hali ya mdogo wako ni muhimu uelewe kwa nini.

Émile Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, aliliona jambo hili tangu mwaka 1897: nchi inapoingia vitani, watu hujiua kwa uchache. Jamii inapokabiliwa na adui mmoja, mtu aliyekuwa akijiona yuko peke yake katika shida yake hujikuta yumo katika shida ya wote, na hilo kwa muda humpa pa kuwa. Mwanzoni mwa korona watu walipigiana simu, majirani waliwabebea wazee mahitaji, na baadhi ya serikali zilitoa fedha na kuzuia waajiri wasifukuze watu. Tena, familia ikiwa yote nyumbani, mtu mwenye nia ya kujidhuru hana faragha ya kutosha, na aliyeko karibu huona mapema. Aliyeshindwa kupata kazi Aprili 2020 hakuwa na haja ya kujilaumu, kwa sababu hakuna aliyekuwa akipata kazi.

Ila ngao ya namna hiyo haidumu, na Japani inatuonyesha vizuri jinsi inavyotoboka. Kati ya Februari na Juni 2020, vifo vya kujiua nchini humo vilipungua kwa asilimia 14. Shule zilikuwa zimefungwa, saa za kazi zilikuwa zimepungua, na serikali ilimpa kila mkazi yeni 100,000. Kisha kati ya Julai na Oktoba vikapanda kwa asilimia 16, na kupanda huko hakukuwa sawa kwa wote: miongoni mwa wanawake ongezeko lilikuwa asilimia 37, na miongoni mwa watoto na vijana balehe asilimia 49. Wanawake ndio waliokuwa wengi katika ajira zisizo na mkataba wa kudumu, katika hoteli, migahawa na maduka, yaani sehemu zilizoanguka kwanza na kuchelewa kuinuka. Wao pia ndio waliobaki na mzigo wa watoto na wazee nyumbani. Mwaka ulipofungwa, Japani ilikuwa na vifo 21,081, na hilo lilikuwa ongezeko la kwanza katika kipindi cha miaka 11. Februari 2021 serikali ikamkabidhi waziri mmoja jukumu la kushughulikia upweke. Marekani ilipita njia inayofanana kwa kuchelewa kidogo, kwani mwaka 2021 vifo vilirudi juu na kufika 48,183.

Nchi zile 21 nilizozitaja, zaidi ya hayo, zilikuwa tajiri au za kipato cha kati cha juu, ilhali zaidi ya asilimia 70 ya vifo vya kujiua duniani hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Huko, amri ya kukaa ndani ilimkuta mtu asiye na mshahara wa mwezi wala akiba, na kukaa ndani kwake kulimaanisha kutokula. India, ambayo ilifunga shughuli zake tarehe 25 Machi 2020 kwa notisi ya saa chache tu, iliandikisha vifo vya kujiua 139,123 mwaka 2019, vikawa 153,052 mwaka 2020 na 164,033 mwaka 2021, na vibarua wa kutwa walikuwa kundi kubwa kuliko kazi nyingine zote. Nami siamini kwamba hesabu zozote za vifo hivi zimekamilika popote pale. Ni nchi wanachama wapatao 80 tu ambazo Shirika la Afya Duniani linaona usajili wao wa vifo ni wa ubora mzuri, na kwingineko, hasa ambako kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai au ambako familia itatengwa, kifo cha aina hii huandikwa kuwa ajali, sumu ya bahati mbaya au maradhi ya ghafla.

Ukinisoma kwa makini utaona kwamba silaumu mlango uliofungwa peke yake. Amri ya kukaa ndani ina madhara yake, lakini kinachomsogeza mtu kwenye kujiua ni vile anavyovipoteza kwa sababu yake, na vitu hivyo huwa havirudi siku amri inapoondolewa. Kazi iliyofutwa haifufuki, deni la kodi halisameheki, ndoa iliyochakaa kwa ugomvi wa miezi haijirekebishi yenyewe. Tulikwisha kujifunza hili katika mtikisiko wa uchumi ulioanza mwaka 2008, ambao haukuwa na karantini hata kidogo na bado ulihusishwa na vifo vya ziada vya kujiua vinavyokadiriwa kuzidi 10,000 Ulaya na Amerika Kaskazini. Uswidi nayo ilikumbwa na ukosefu mkubwa wa ajira mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini vifo vya kujiua viliendelea kupungua, na watafiti wengi wanaona sababu ni kwamba aliyepoteza kazi hakuachwa aanguke hadi chini. Ndiyo maana miezi na miaka inayofuata amri hizo inastahili kuangaliwa kuliko hata siku za amri zenyewe, na ndiyo maana usijiulize mbona mdogo wako anazidiwa sasa wakati wengine wamekwisha kusahau. Wengine kusahau ni sehemu ya kinachomlemea. Watu wote wanapokuwa wamekwama, kukwama si aibu. Wote wanapoondoka na wewe ukabaki, kukwama kunakuwa kwako peke yako.

Kwa vijana wa rika lake kuna jambo la ziada. Miaka kati ya 15 na 20 ndiyo ambayo mtu hujitenga na wazazi kidogo kidogo na kujijenga kupitia wenzake. Miezi iliyopotea hapo haifidiwi kwa kuongeza miezi mingine mbele. Hata hivyo, athari hazikuwa za upande mmoja. Nchini Marekani vifo vya kujiua vya vijana vilipungua shule zilipofungwa na kupanda ziliporejea madarasani, jambo linaloashiria kwamba kwa mtoto anayeonewa na wenzake nyumbani palikuwa kimbilio. Kwa mtoto anayepigwa nyumbani, au anayeishi na mlevi ambaye sasa anakunywa sebuleni tangu mchana, hali ilikuwa kinyume chake kabisa. Mwanzoni mwa mwaka 2021, kati ya Februari 21 na Machi 20, wasichana wa miaka 12 hadi 17 waliofikishwa katika vitengo vya dharura nchini humo kwa kushukiwa kujaribu kujiua walikuwa wengi kwa asilimia 50.6 kuliko kipindi hichohicho cha mwaka 2019. Wavulana hawakuonekana kwa wingi kama huo, lakini usilichukue hilo kuwa faraja: duniani kote wanaume wanaokufa kwa kujiua ni zaidi ya mara mbili ya wanawake, na sehemu ya sababu ni kwamba hawafiki hospitali wakiwa bado katika hatua ya kusema.

Tena, hata aliyetaka kusema mara nyingi hakupata pa kusemea. Katika uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 uliohusisha nchi 130, asilimia 93 zilikiri kwamba huduma zao muhimu za afya ya akili zilivurugika au kusimama. Wengi wetu tulihamia kwenye simu, na simu ilikuwa na mitego yake. Nakumbuka mgonjwa mmoja aliyekuwa akizungumza nami kutoka bafuni huku amefungua bomba ili maneno yake yasipenye ukutani; alikuwa akijibu "ndiyo" na "hapana" tu. Nilibadili namna ya kuuliza, nikawa natunga kila swali ili neno moja litoshe: je, wanaokusikiliza ndio wanaokutisha, je, mawazo yale yamerudi, je, yamerudi leo, je, kuna kitu umekiweka karibu kwa ajili hiyo. Kwa maswali ya aina hiyo mtu anaweza kueleza hali yake yote bila aliye nje ya mlango kuambulia kitu. Ninalitaja kwa sababu linaweza kukufaa: kama nyumba yenu haina faragha, mtoe mdogo wako mtembee, au mwandikie ujumbe ajibu kwa neno moja.

Kuna nadharia inayonisaidia sana katika kazi hii, ya mwanasaikolojia wa Marekani Thomas Joiner. Anasema kwamba hamu ya kufa huwa kali pale mambo mawili yanapokutana: mtu kujiona hana pa kuwa, na mtu kujiona ni mzigo kiasi cha kuamini kwamba wapendwa wake wangepumua vizuri zaidi asipokuwapo. Hamu hiyo hugeuka hatari ya karibu pale anapokuwa pia amepungukiwa na hofu ya maumivu na kifo, kwa mfano kwa kuwa aliwahi kujidhuru. Mtazame mdogo wako kwa macho hayo. Marafiki zake wamekwenda na maisha yao, na yeye anakula kwenu bila kuleta kitu. Huenda hakuna aliyemwambia kwamba ni mzigo. Hana haja ya kuambiwa, anaweza kuhesabu mwenyewe. Ndiyo sababu maneno ya kumtia moyo kwa kumkumbusha jinsi familia inavyojinyima kwa ajili yake, ambayo wazazi huyasema kwa nia njema, humkandamiza zaidi.

Tuna methali isemayo mficha maradhi kifo humuumbua, nami huwa siipendi katika mambo haya, kwa sababu inamlaumu aliyeficha na kumsahau aliyemfanya afiche. Mtu huficha anapokuwa ameshasikia jinsi wanavyosemwa waliojaribu kujiua: wamekosa imani, wanatafuta huruma, wana ubinafsi. Kabla ya kumuuliza, basi, jichunguze kama wewe au mtu mwingine nyumbani amewahi kutamka maneno hayo mbele yake, na kama yalitamkwa, anza kwa kuyafuta.

Tafuta wakati ambao hamna haraka na mahali pasipo na masikio ya tatu. Kutembea bega kwa bega au kufanya kazi pamoja husaidia, maana vijana wa kiume husema kirahisi zaidi wasipotazamwa usoni. Anza na ulichokiona, bila kukitafsiri: "Nimeona usiku hulali, na juzi ulimpa mtu viatu vyako vile. Nina wasiwasi na wewe." Kisha nyamaza, hata kimya kikikuchoma. Akisema amechoka na maisha, usikwepe kwa kumwambia asiseme hivyo; endelea: "Mtu akiumia kiasi hicho, wakati mwingine huanza kufikiria kujiua. Wewe umefikiria kujiua?" Litaje neno lenyewe. Ukisema "hufikirii ujinga, sivyo?" umemwonyesha jibu unalolitaka, naye atakupa hilohilo.

Akijibu hapana na ukamwamini, usifunge mazungumzo, kwani kukosa usingizi na kujitenga kwa muda mrefu kunatosha kuhitaji daktari hata bila mawazo ya kujiua. Akijibu ndiyo, mshukuru kwa kukuambia, na uulize matatu kwa sauti ileile ya kawaida: amefikiria atafanya nini, lini, na je, aliwahi kujaribu. Kadiri majibu yalivyo mahususi ndivyo hatari ilivyo karibu. Jaribio la nyuma ndiyo ishara nzito kuliko zote. Usimhutubie kuhusu dhambi wala kuhusu uchungu atakaomwachia mama, na usimwapishe kwamba hatafanya. Kiapo humfunga mdomo tu, hatari ikabaki palepale.

Jambo la kwanza la vitendo ni kuweka umbali kati yake na vitu vya hatari, yaani dawa zilizorundikana, sumu za shambani au za wadudu, silaha na chochote alichokitaja yeye mwenyewe. Viondoe nyumbani au vifungie mahali ambapo ufunguo hauko naye, na umwambie kwamba umefanya hivyo na kwa nini. Watu hudhani kwamba aliyeamua atatafuta njia nyingine, lakini dhoruba kali ya kutaka kufa mara nyingi huja na kupita, na muda unaopatikana kwa kukosa kitu mkononi ndio unaookoa. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vyenye sumu kali kuanzia miaka ya 1990, kiwango chake cha kujiua kilishuka kwa zaidi ya asilimia 70 katika miongo iliyofuata, na watu wale hawakuhamia kwa wingi kwenye njia nyingine.

Jambo la pili ni mpango wa usalama, karatasi moja anayoiandika yeye kwa mkono wake nawe ukimsaidia tu. Juu anaandika dalili zinazomwonyesha kwamba dhoruba inakuja. Kwa mdogo wako huenda ni ile saa ya usiku ambapo kila mtu amelala na yeye anatazama picha za wenzake kwenye simu. Chini yake anaandika anachoweza kufanya peke yake ili saa hiyo ipite, halafu mahali pa kwenda au watu wa kuwa nao bila hata kueleza shida, halafu majina na namba za watu wawili watatu anaoweza kuwaambia ukweli, halafu mhudumu wa afya na namba ya dharura, na mwisho namna mlivyoviondoa vitu vya hatari. Karatasi hii inaonekana ndogo kwa tatizo kubwa, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu maveterani (wanajeshi wa zamani) wa Marekani waliohudumiwa katika vitengo vya dharura ulionyesha kwamba waliopewa mpango wa aina hii, wakapigiwa simu za kuwafuatilia, walikuwa na matukio machache ya kujaribu au kujiandaa kujiua kwa asilimia 45 katika miezi sita iliyofuata. Zile simu ni nusu ya dawa yenyewe.

Haya yote hayachukui nafasi ya hospitali. Mpeleke wiki hii, na leo hii ikiwa amekujibu ndiyo, kwa daktari wa magonjwa ya akili, mwanasaikolojia, au kituo chochote cha afya kitakachoweza kumpa rufaa, na uingie naye akikubali. Mweleze daktari habari ya usingizi na ya vitu alivyogawa hata kama mwenyewe ataipuuza. Sonona hutibika kwa mazungumzo ya kitaalamu, kwa dawa au kwa vyote viwili, ila dawa huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, na kwa walio chini ya miaka 25 majuma ya mwanzo yanahitaji uangalizi wa karibu kwa sababu kwa baadhi yao mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka kabla hayajapungua. Kwa sababu hiyo asianze dawa akiwa anaishi kama mpangaji ndani ya nyumba yenu, asiyeulizwa alikolala wala alivyoamka. Akianza kupata nguvu, usilegeze macho mapema.

Kuhusu mama: kama mdogo wako ana mawazo ya kujiua, usiahidi kuficha, hata akikuomba kwa machozi. Mwambie wazi, "Sitalitangaza, lakini silibebi peke yangu," kisha mpe nafasi ya kuchagua nani aambiwe kwanza na kwa maneno gani. Pengine atamchagua mjomba, mwalimu wake wa zamani au rafiki mmoja kabla ya mama, na hilo si baya ilmradi yuko mtu mzima mwingine anayejua na anayelala nyumba moja naye. Ukizungumza na mama, mpe kazi badala ya habari tupu, kwa kuwa mzazi aliyepewa habari tu huanza kulia au kufoka: mwambie dawa zipi azifungie, zamu ipi ya usiku ni yake, na maneno yapi ayaache. Nawe jipangie mtu wa kuzungumza naye, kwa sababu utachoka. Nikiwa mahali pako, ningemuuliza jioni ya leo, ningelala chumba kimoja naye usiku huu bila kujali amejibu nini, na asubuhi ningekuwa mlangoni kwa daktari pamoja naye.